FFmpeg kwa diski za kwanjula: nzuri, lakini piga hesabu kwanza

Wateja wangu wa Kampala siku hizi wanataka video ya kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa familia ya bibi harusi, kwenye simu. Lakini ssenga (shangazi) na wazee wa kijijini bado wana deki zao za DVD, na mwenye deki anataka diski. Kazi hiyo naifanya kwa FFmpeg, programu ya kubadili muundo wa video kwa kuandika amri. Ni ya bure, haibandiki nembo juu ya picha, na kompyuta yangu kuukuu inaimudu.

Ukiandika -target pal-dvd (yaani DVD ya mfumo wa PAL), inapanga yenyewe: video ya MPEG-2, ukubwa wa 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde, sauti iliyobanwa ya AC-3. Kinachokera ni bitireti (kiasi cha data kwa kila sekunde) inayojiwekea: video kilobiti 6,000 kwa sekunde, sauti 448. Kwanjula ya saa tatu kwa kiwango hicho inafika gigabaiti 8.7. Diski ya kawaida inabeba 4.7, na hata ya tabaka mbili mwisho wake ni 8.5! Programu haikuonyi, inaendelea tu.

Kwa hiyo hesabu ni yako. Gigabaiti 4.7 ni kilobiti milioni 37.6. Gawa kwa sekunde 10,800, unapata takribani 3,480 za kila kitu. Sauti naipa 192, naacha akiba kidogo, video inabaki na 3,100. Wanaoacha sauti ya PCM, isiyobanwa, wanaipa 1,536, karibu nusu ya nafasi yote, halafu inasikilizwa kwenye spika ya televisheni ya sebuleni.

Je, 3,100 inatosha? FFmpeg ikipitia video mara moja tu, ngoma ya baakisimba inajaa vijisanduku. Naiagiza ipitie mara mbili: kwanza ipime, kisha igawe biti. Hapo kwanjula ina bahati yake, kwa sababu muda mwingi wasemaji wanabishana chini ya hema, kamera imetulia, hakuna kinachosogea ila mikono. Biti zilizookolewa pale zinawaendea wachezaji.

Nikaha ya dakika 40 haina shida, ila usiivimbishe kwa bitireti kubwa mno. Kikomo cha video ya DVD ni 9,800. Mimi sivuki 8,000, maana deki za zamani hukwamakwama na diski za kuchoma.

FFmpeg haitengenezi menyu ya DVD, faili yake naipeleka kwenye dvdauthor, programu ya kupanga diski, ndipo nichome. Asiyependa kuandika amri atumie DVDStyler, programu ya kubofya vitufe. Na sherehe ikipita saa tatu na nusu sibani zaidi: mteja analipia diski mbili.