Uzoefu wangu na soksi ya goti: miezi minne Pemba

Goti ninalolizungumzia ni la kulia, gegedu, ule utando laini wa kwenye ncha za mifupa, imesagika, na Pemba si tambarare: ukitoka ni kilima, ukirudi ni kilima. Soksi yenyewe ni ile ya mpira wa povu, unene wa milimita 5, yenye tundu mbele linalozunguka pia ya goti na mikanda miwili ya kunata, mmoja juu na mmoja chini. Naipa 4 kati ya 5. Ni kifaa kizuri kwa mzee ambaye bado anakwenda shamba, anashuka pwani na anasimama jikoni, mradi aijue kazi yake. Inalipa goti joto na inalibana kiasi, mguu ukawa na uhakika unapokanyaga. Basi. Gegedu iliyokwishalika hairudi kwa kuvaa kitu.

Kipimo ndipo wengi wanapoharibikiwa. Dukani utaulizwa kubwa au ya kati, na swali hilo halitoshi. Chukua utepe wa fundi cherehani, simama wima, paja lilegee, upime mzunguko pale karatasi ya kifaa inaposema. Watengenezaji wengine hupima katikati ya pia, wengine sentimita kadhaa juu yake, na ukikosea mahali pa kupimia saizi yote imekwenda upande. Ikiwa goti lako hujaa jioni, pima jioni. Ukiangukia kati ya saizi mbili, chukua kubwa, kwa kuwa mikanda itaivuta.

Ukishaivaa, vidole viwili vipite chini ya ukingo wa juu. Tembea dakika 20, kisha uangalie mguu. Ganzi, vidole vya mguu kuwa baridi, au kifundo kujaa maana yake inabana mno, ivue. Ikiwa inateremka na kujikunja nyuma ya goti, usikaze mkanda wa juu, maana utageuka kamba ya kukata damu. Ivae upya: kunja goti kidogo, ivute kutoka chini mpaka tundu likae sawa juu ya pia, funga mkanda wa chini kwanza, halafu wa juu. Mapaja yaliyo mapana juu na membamba karibu na goti hupata taabu hii zaidi, na kwao soksi ya kufuma iliyo ndefu hukaa vizuri kuliko ya mpira.

Nyota ya tano imeondoka kwa sababu ya jasho. Wakati wa kaskazi mpira huu ni tanuri. Baada ya saa mbili au tatu ngozi ya nyuma ya goti inalowa, na ukiiacha hivyo siku nzima upele hauna budi. Mimi huivaa kwa kazi tu: kupanda kilima, kusimama muda mrefu, kubeba. Nikikaa kitako naivua, na usiku silali nayo. Zikiwa mbili ni bora, moja ikauke nyingine ivaliwe. Fua kwa mkono, maji ya baridi na sabuni laini, uanike kivulini. Jua la mchana huukausha mpira ukaanza kupasuka kwenye mishono. Akina mama wa mwani wasiingie nayo baharini. Mchanga hunasa ndani na kusugua ngozi, na kidonda cha maji ya chumvi hakiponi upesi.

Sasa jeli ya diklofenaki, dawa ya maumivu ya kupaka, ambayo watu wengi huipaka chini ya soksi hii hii. Usifanye hivyo. Dawa ikifunikwa kwa kitu kinachobana na chenye joto hupenya kwa wingi usiopimwa na ngozi huweza kuwashwa. Paka, acha ikauke, na soksi ivae baadaye sana, au panga saa mbalimbali: soksi wakati wa kazi, jeli ukishavua na kuosha goti. Kosa la pili ni uchache. Kwa jeli ya asilimia 1, kipimo cha goti ni gramu 2 hadi 4 kila mara, mara 3 au 4 kwa siku, ikizungushwa goti zima. Hesabu mwenyewe: tyubu ya gramu 30 inaisha kati ya siku mbili na tano. Anayepaka tone la ukubwa wa punje ya choroko mara moja usiku, tyubu ikamaliza miezi miwili, hajaitumia dawa, na haki yake hana ya kusema haifanyi kazi. Mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu, shinikizo la damu au anayedhurika na aspirini amuulize daktari kwanza, na asichanganye na vidonge vya diklofenaki.

Mafuta ya karafuu tunayo, na kuchua kwa mafuta hayo kunaleta nafuu ya saa chache. Lakini mafuta safi ni makali, yanachoma. Matone 10 katika mililita 100 za mafuta ya nazi yanatosha. Yasipakwe pamoja na jeli, wala chini ya soksi.

Kilichonipunguzia maumivu hasa ni mazoezi ya misuli ya mbele ya paja, na soksi ilisaidia kwa kuniwezesha kuyafanya. La kwanza: kaa kwenye kiti kigumu, nyoosha mguu, kaza paja, shikilia kwa hesabu ya 5, shusha polepole. Mara 10, pumzika, rudia mara mbili. La pili: inuka kutoka kwenye kiti bila kushika mikono, kaa tena taratibu bila kujitupa. Mara 8 hadi 10. Kiti kikiwa chini mno, weka mto. Kadiri paja linavyopata nguvu, uondoe. Siku tatu au nne kwa wiki. Maumivu kidogo wakati wa zoezi hayadhuru. Yakizidi na kuendelea hadi kesho yake, punguza idadi, usiache. Wengi huacha wiki ya pili, na misuli haijapata wakati. Lipe goti wiki 6 mpaka 12.

Goti halipendi kukunjwa sana huku limebeba uzito, na maisha yetu yamejaa mikunjo hiyo. Mbuzi ya kukunia nazi ni ya kwanza kuihama: iweke juu ya benchi imara, ukunie umekaa juu. Kwenye sala, mswala mnene chini ya magoti, na katika kikao cha tahiyatu mto mdogo kati ya paja na shavu la mguu hupunguza mkunjo. Likikataa kabisa, kiti kinaruhusiwa kwa mgonjwa, na sioni sababu ya kuliumiza goti kwa kuona haya. Ngazini, panda kwa mguu mzima, shuka kwa mguu mgonjwa. Mkongojo ushikwe mkono wa upande wa pili wa goti linalouma, kimo chake kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono ukiwa umesimama mkono umening'inia. Karibu kila ninayemwona ameushika upande wa goti bovu, na hapo haumpunguzii kitu. Uzito wa mwili nao hauna mjadala: kila kilo unayoipunguza huliondolea goti takriban kilo 4 kwa kila hatua.

Kuna magoti ambayo soksi hii haifai kuyafunika. Goti jekundu, la moto, lililojaa ghafla pamoja na homa ni la hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo shavu la mguu lililovimba na kuuma upande mmoja, goti la aliyeanguka likashindwa kubeba mwili, au linalokwama katikati ya mkunjo likagoma kunyooka. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asiivae kabla ya kukaguliwa, kwa sababu hatahisi inapombana.