ShredOS na nwipe: nilifuta diski tatu, nusura nifute na ya nne

Nianze na maksi ninazoipa ShredOS, programu ya kufuta diski kabisa: nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa sababu ya sura ya programu yenyewe, na nitaifikia.

Mpwa wangu alizitaka kompyuta zangu tatu za zamani, mbili za mezani na laptopu moja. Nikamwambia asubiri, nifute diski kwanza. Akanitazama kama mtu anayetafutiwa visingizio. "Mjomba, si ulishazifomati mwaka jana?" Kweli nilizifomati. Basi kabla ya kufuta chochote nikaona bora tuangalie wote wawili ile fomati ilikuwa imefanya kazi gani.

Tulitumia PhotoRec, programu ya bure ya kufufua faili. Yenyewe haina habari na majina ya faili wala folda. Inapita kwenye diski sekta kwa sekta, yaani kipande kidogo kwa kipande, ikitafuta alama za mwanzo wa faili. Picha ya JPEG, kwa mfano, huanza na baiti FF D8 FF, na ikikutana nazo inajua hapa pana picha, inaichota. Tuliielekeza kwenye diski ya TB 1 ambayo Windows ilituapia kuwa ni tupu. Baada ya dakika chache kihesabio kilishavuka mia mbili na bado kinapanda. Tukafungua folda ya recup_dir.1, imejaa majina ya ajabu ajabu, f na tarakimu nyingi, kisha jpg au pdf. Faili ya tatu niliyobofya ilikuwa kitambulisho changu nilichokiskani miaka hiyo, mbele na nyuma, kidole gumba changu kikionekana pembeni. Iliyofuata ilikuwa taarifa ya benki. Mpwa akaacha kucheka, akasogeza kiti.

Kufomati kwa haraka huandika upya orodha ya faili tu. Data yenyewe inabaki palepale ilipokuwa mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na kama kompyuta iko kabatini haitumiki, hakuna kitakachoandikwa. Mwaka 2003 watafiti Simson Garfinkel na Abhi Shelat, wakiwa chuo cha MIT cha Marekani, walichapisha matokeo ya kununua diski 158 za mitumba. Zilizofanya kazi zilikuwa 129, na katika hizo 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa sawasawa. Nilipoisoma mara ya kwanza niliwaonea huruma waliouza zile nyingine. Kumbe na mimi nilikuwa nimeshajiandaa kuingia kwenye kundi lao.

Sasa, ShredOS. Ni mfumo mdogo wa Linux unaouweka kwenye fleshi, unaiwashia kompyuta, na kinachofunguka moja kwa moja ni programu inayoitwa nwipe. Wakongwe watakumbuka DBAN ya Darik Horn. Nwipe imetokana na programu ya ufutaji iliyokuwa ndani ya DBAN, na ukiziona utajua ni ndugu. DBAN yenyewe toleo lake la mwisho, 2.3.0, ni la mwaka 2015, ndiyo maana sikuirudia. ShredOS inapanda yote kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kwa hiyo ikishawaka fleshi unaweza kuichomoa ukaenda kuwashia kompyuta nyingine.

Mimi nilipachika diski zote tatu kwenye kompyuta yangu ya mezani ninayoitumia kila siku, maana ina soketi za kutosha. Diski yenye mfumo wangu niliichomoa kwanza, nikajiona mtu makini sana. Nikawasha. Orodha ikaja: mistari minne.

Nikahesabu tena. Minne. Nilishaanza kubonyeza kitufe cha nafasi kuzichagua moja baada ya nyingine, na mbili zilikuwa zimeshawekewa alama ya kufutwa. Hapo ndipo nikaona kuna diski mbili za TB 1, za mtengenezaji mmoja na modeli ileile. Moja ni ya kompyuta ya zamani. Nyingine ni ya picha zetu za familia, ambayo nilinunua siku moja na ile, ambayo inakaa chini kabisa ya kasha, na ambayo sikukumbuka kuichomoa kwa sababu huwa haitoi hata sauti. Kosa ni langu asilimia mia. Kilichoniokoa ni kwamba nwipe huonyesha namba tambulishi ya kila diski mwisho wa mstari. Nikazima umeme, nikachukua tochi, nikasoma lebo iliyobandikwa kwenye chuma, herufi kwa herufi. Diski ya picha nikaitoa nje kabisa ya kasha nikaipeleka chumba kingine. Kuiacha imechomolewa waya pembeni ya zile nyingine sikuthubutu.

Kwa sehemu hiyo peke yake ningeipa maksi zote. Nimewahi kutumia programu nyingine ya kufuta, ya kulipia, iliyokuwa ikionyesha "Diski 1, Diski 2" na ukubwa wake basi. Kwa orodha ya namna ile leo ningekuwa naandika mambo mengine.

Tukaingia kwenye kuchagua njia ya kufuta, na hapa mpwa alikuwa na maoni. Menyu ina njia kadhaa, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye ile ya Gutmann, raundi 35. "Weka hiyo Mjomba, ndiyo kali." Nikamfanyia hesabu. Diski ile inaandika wastani wa MB 110 hivi kwa sekunde, raundi moja ni kama saa mbili na nusu. Mara 35, ni zaidi ya siku tatu na nusu mchana na usiku. Na hazihitajiki. Peter Gutmann aliandika makala yake mwaka 1996, na zile raundi 35 zilikusanya mifumo ya kuandika data ya aina mbalimbali za diski za enzi zile, ili hata asiyejua diski yake ni ya aina gani awe amezigusa zote. Baadaye mwenyewe alilalamika kwamba watu wameigeuza orodha yake kuwa kama uganga wa kufukuza pepo. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, namba 800-88 wa mwaka 2014, ulisema kwa diski za sumaku kuandika juu mara moja tu, hata kama ni sifuri tupu, kwa kawaida kunatosha kuzuia data isirudishwe hata na maabara.

Nikaweka sifuri, raundi moja, na uhakiki wa raundi ya mwisho. Huo uhakiki ndio ninaomsihi mtu asiuruke. Programu inarudi mwanzo, inasoma diski nzima na kuangalia kama kweli ilichoandika ndicho kilichopo. Muda unakuwa mara mbili. Mimi hiyo saa mbili na nusu ya kusoma naiamini kuliko raundi 34 za ziada.

Kusubiri hakuna cha kusimulia. Inaonyesha asilimia, kasi, muda uliobaki na joto la kila diski; nikafungua ubavu wa kasha nikaelekeza feni ya mezani.

TB 1 ilimaliza bila kosa. PhotoRec ikaisoma yote, faili sifuri. Halafu nikamwonyesha mpwa kitu ninachokipenda: ukiimwaga diski nzima kwa amri ya hexdump -C, inayoonyesha kila baiti iliyomo, mistari inayofanana inafupishwa kwa kinyota. Kwa hiyo diski ya baiti trilioni moja ilitoka kwenye skrini kwa mistari mitatu. Mstari wa kwanza sifuri tupu. Wa pili kinyota. Wa tatu e8e0db6000, yaani mwisho wa diski kwa namba za msingi wa kumi na sita. Tuliutazama muda mrefu kuliko inavyostahili.

Ya laptopu, GB 500, iligoma. Ilifika kama robo tatu, kasi ikaanguka ikawa inahesabika kwa KB, kisha makosa ya kuandika yakaanza kujipanga, na mwishoni nwipe ikaripoti kwamba ufutaji umeshindikana. Hapo naisifu tena, maana haikuficha. Diski inayochakaa huwa inazistaafisha sekta mbovu na kuzibadilisha na za akiba, na zile zilizostaafishwa haziguswi tena na uandishi wa kawaida ingawa bado zinaweza kuwa na vipande vya data. Nani anajua ni kipande cha nini. Hii nikaamua ni ya nyundo.

Nilifungua skrubu za nyota, nikatoa sahani, nikaifunga kwenye kitambaa na kuipiga nikitarajia ikunjike kama bati. Ikalia kama gilasi. Sahani za diski ndogo za laptopu nyingi ni za kioo kilichopakwa tabaka la sumaku, na ndani ya kitambaa nilikuta vigae vyembamba vinavyong'aa, vingine vidogo kama punje ya mchele. Vaa miwani ya kazi na glavu. Mimi nilivaa miwani tu, na nina plasta kwenye kidole ninapoandika haya.

Diski ya tatu ilikuwa SSD, yaani ya chipu isiyo na sahani, na aina hii ndiyo inayowadanganya wengi. nwipe itakubali kuifuta na itakuambia imemaliza, lakini usiishie hapo. Ndani ya SSD kuna kidhibiti kinachozungusha maandishi ili chipu zisichakae upande mmoja, na kuna eneo la akiba ambalo kompyuta hailioni kabisa. Ukiandika sifuri kwenye "sekta ya 100", kidhibiti kinaweza kuziweka mahali pengine na kuiacha data ya zamani ilipokuwa mpaka kitakapojisikia kuisafisha. Njia yake ni kuiamuru SSD ijifute yenyewe. ShredOS ina amri ya hdparm, ya kuiagiza diski moja kwa moja, ila haiko kwenye menyu. Unabonyeza Alt na F2 upate dirisha la amri. Nikakutana na neno "frozen". Maana yake bodi ya kompyuta imeifungia diski isikubali amri za usalama. Dawa niliyoijua ni ya kuchekesha lakini kwangu ilifanya kazi: niliilaza kompyuta, nikaiamsha, kifungo kikawa kimefunguka. Nikaweka nenosiri la muda, nikatoa amri, na haikuchukua hata dakika mbili. Baada ya saa za kungoja zile nyingine mpwa alikataa kuamini, na alikuwa na haki: utafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego wa mwaka 2011 ulikuta baadhi ya SSD zilizokuwa na amri hiyo hazikuitekeleza ipasavyo. Tukasoma SSD nzima tena. Sifuri. Kwenye eneo la akiba macho yangu hayafiki, kwa hiyo SSD ninayoitumia sasa niliisimba fiche siku ya kwanza, kabla haijapokea faili hata moja.

Ile maksi niliyokata. Skrini ya nwipe ni maandishi matupu, kipanya hakifanyi kazi, na kuanza kufuta unabonyeza S kubwa, yaani na Shift. S ndogo haianzishi ufutaji, na nilikaa nikidhani kibodi imekufa. Ningependa pia amri za SSD ziingizwe kwenye menyu, maana anayehitaji msaada zaidi ndiye asiyejua hdparm. Kwa upande mwingine inatoa cheti cha PDF kwa kila diski chenye modeli, namba tambulishi, njia iliyotumika na matokeo. Cha ile ya GB 500 nacho nimekihifadhi, pamoja na neno lake la kushindwa.

Kompyuta zimechukuliwa, laptopu ikiwa haina diski. Juzi nilienda na mpwa kutoa nakala za vyeti vyake. Mashine ya fotokopi ilikuwa moja ya yale makubwa ya kusimama sakafuni. Akaweka cheti kwenye kioo, akashika kifuniko, kisha akasita. "Mjomba, na hii ina diski ndani?"

Nyingi za namna ile zinayo. Akabaki ameshika kifuniko, na nyuma yetu foleni ikaanza kuguna.