Fundi wa Nakuru aliyeituliza Volvo 122S yangu

Nampa nyota tano. Najua utauliza kwa nini mtu wa Kisumu apeleke gari Nakuru kurekebishiwa kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa, ilhali mafundi wamejaa Kibuye na Kondele. Jibu langu ni hili: huyu alimaliza karibu asubuhi nzima bila kuzigusa hizo kabureta, na huo ndio muda ninaoona nililipia vizuri kuliko wote.

Gari lenyewe ni Volvo 122S ya 1966, injini ya B18 yenye sentimita za ujazo 1,778, na kabureta mbili za SU aina ya HS6. Hakuna kilichobadilishwa. Marehemu baba alilinunua kwa meneja wa shamba la chai Kericho, na kwake sababu ilikuwa moja tu: Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari Rally ya 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant wakiwa na Volvo PV544. Injini ya gari lile ni ya ukoo wa B18, kama hii yetu. Basi mzee hakutaka kusikia habari ya gari lingine.

Shida ilikuwa hivi. Nikisimama kwenye raundabauti gari linatetemeka mpaka kioo cha ndani hakionyeshi kitu. Ukikanyaga mafuta linajikwaa kwanza, kisha linaondoka kwa kishindo. Nikafungua plagi: mbili za mbele zilikuwa nyeusi tititi kwa masizi, mbili za nyuma zimepauka. Kabureta ya mbele inalisha silinda ya 1 na ya 2, ya nyuma inalisha ya 3 na ya 4, kwa hiyo plagi zilikuwa zimeshasema kila kitu: mbele petroli inazidi, nyuma inapungua. Fundi mmoja wa hapa kwetu, ambaye simtaji, alikuwa amezungusha kila skrubu aliyoiona kwa muda wa kunywa soda, akasema liko sawa. Kabureta mbili ni kama fahali wawili wa plau: mmoja akivuta na mwenzake akizembea, mtaro hauwezi kunyooka.

Karakana ya Nakuru iko jua kali, upande wa viwandani. Haina kibao, ni kontena na kivuli cha mabati mbele yake. Mwenyewe ni mzee wa makamo asiyependa maneno mengi. Nilipomwamkia na kumweleza, hakufungua hata boneti. Aliuliza, "Mwalimu, gari linalala wapi?" Nikamwambia Kisumu. Akachukua chaki, akaandika KISUMU kwenye mlango wa kontena, chini ya majina ya miji mingine. Nitalirudia hilo, maana mimi nafundisha fizikia na lilinifurahisha sana.

Nilikuwa nimeambiwa kwa simu nifike jioni na kuliacha hapo lilale, ili asubuhi injini iwe baridi kabisa. Alianza na kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, silinda zote nne. Zilikuwa zinakaribiana, akaridhika. Kisha tapeti, zile zinazosukuma valvu. Kwa B18 hii mwanya unapimwa kati ya milimita 0.40 na 0.45, na mbili za egzosi zilikuwa zimebana. Alinieleza sababu: tangu petroli yenye risasi iondolewe nchini mwaka 2006, viti vya valvu za injini hizi za zamani huliwa polepole, valvu inazama, mwanya unapungua. Valvu isiyofunga vizuri hutetemesha gari kama kabureta mbovu inavyolitetemesha, na hakuna skrubu ya kabureta itakayoiponya. Baada ya hapo mambo ya cheche: pointi mpya, kondensa, plagi zenye mwanya wa milimita 0.7, taimingi kwa taa. Mpaka hapo kabureta zimekaa tu, zimefutwa vumbi.

Kijana wake mwanafunzi alipulizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye ncha za mhimili wa kilango cha hewa, injini ikiwa inanguruma. Kabureta ya mbele, kimya. Ya nyuma, injini ikabadilisha sauti papo hapo. Mhimili ulikuwa umelika, hewa inaingia pembeni bila petroli. Hiyo ndiyo iliyokuwa inapausha plagi zangu za nyuma. Aliufungua, akaupeleka kwa jirani yake mwenye mashine ya kukereza vyuma, wakatia bushi za shaba. Kazi hiyo ilinilaza Nakuru usiku mwingine, na silalamiki.

Ndipo akaja kwenye kabureta zenyewe. Alitoa vile vifimbo vya oili juu ya makuba, akainua pistoni ya kila moja kwa kidole na kuiachia. Ya nyuma ikaanguka, ta! Chuma kwa chuma, safi. Ya mbele ikashuka kwa kusitasita. Sindano iliyo chini ya pistoni ilikuwa inagusa ukuta wa jeti, kile kitundu cha petroli. Alilegeza jeti, akaikalisha katikati, akakaza, akaachia tena pistoni. Alirudia hivyo mpaka sauti zote mbili zikawa moja, na mimi nikaweza kuzisikia nikiwa nimefumba macho.

Kusawazisha hewa kulifuata. Alilegeza kiungo kinachofunga mihimili miwili pamoja, ili kila kabureta ijitegemee. Ana kipimo cha Kijerumani, SK Synchrometer, kinachosoma kilo za hewa kwa saa. Unakikalisha mdomoni mwa kabureta, mshale unapanda, unasoma, unahamia ya pili. Kabla ya kukitumia alichukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta, akarekebisha skrubu kwa kusikiliza mvumo tu. Kipimo kilipokuja kumhukumu, tofauti ilikuwa ndogo mno. Akakaza kiungo tena na kupima kwa mara nyingine mizunguko ikiwa 1,500 kwa dakika, kwa sababu kabureta zinaweza kulingana gari likiwa limetulia halafu moja ikachelewa ukikanyaga. Wengi hawafiki hatua hii. Mimi ningesema ndiyo inayomtofautisha fundi na mzungusha skrubu.

Mwisho kabisa, mchanganyiko. Chini ya SU kuna nati ya pembe sita. Ukiipandisha unapunguza petroli, ukiiteremsha unaongeza. Aliniita nione. Kuna kipini kidogo kinachoinua pistoni kidogo sana, chini ya milimita moja. Ukikiinua na injini ikaongeza kasi na kubaki hapo, petroli imezidi. Ikitaka kuzima, imepungua. Ikipanda kidogo kisha ikarudi mahali pake, hapo ndipo. Ya mbele ilipanda na kubaki juu. Akapandisha nati pembe moja, akajaribu, akapandisha nyingine. Ikapanda kidogo, ikarudi. Nilisimama pale nikiwa na raha ya ajabu.

Nikadhani tumemaliza. Akaonyesha ile chaki mlangoni. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu karibu 1,130. Kwa hesabu ya kawaida ya angahewa, uzito wa hewa ya Kisumu ni kama asilimia 90 ya ile ya pwani, wa Nakuru kama 83. SU inapima hewa kwa ujazo, haijui uzito wake. Kwa hiyo kilicho sawa Nakuru kitapungukiwa petroli kidogo Kisumu. Aliteremsha nati zote mbili pembe moja moja, sawasawa, akasema, "Hapa litanuka petroli kidogo. Ukishuka Ahero litakaa." Yeye hana hesabu hizo za asilimia, ana orodha ya miji mlangoni, na orodha yake ni sahihi.

Nilimwuliza pia kuhusu ushauri ninaopewa kila mara: toa SU, weka kabureta moja ya Weber, au toa vichujio vya hewa uweke vile vya wazi vinavyong'aa. Alikataa, nami nakubaliana naye kabisa. Sindano ile imenolewa kiwandani kwa injini hii, ikiwa na kichujio hiki na egzosi hii. Ukigusa kimoja, itabidi utafute sindano nyingine, na utaitafuta sana. Injini ya kawaida inataka kurudishwa kwenye ukawaida wake.

Njiani kurudi lilipanda Mau Summit kwa utulivu, likateremka Londiani na Kericho, na kwenye raundabauti za Kisumu sasa nasimama bila aibu. Lilikuwa likienda kama kilomita 8 kwa lita, sasa linapita 10.

Kasoro zipo. Simu yake haipokelewi mchana, piga kabla ya saa mbili asubuhi. Risiti hupati usipodai. Hana mahali pa mteja kukaa zaidi ya tairi, na vumbi la magari ya mizigo ni kali, nenda na leso. Kazi ilikuwa shilingi 9,000 bila vipuri wala ukerezaji, unalipa kwa M-Pesa ukisharidhika. Magari ya kompyuta hayagusi, usimpelekee. Na kama tapeti zako hazijapimwa siku nyingi, beba gasketi ya kifuniko cha valvu kutoka nyumbani, maana atafungua, na kule Nakuru gasketi ya B18 haipatikani kirahisi.