QGIS kwa kuchora kidakio cha Msimbazi: huku juu freshi, Jangwani usiiamini

Kama unataka kuchora kidakio cha mto (eneo lote ambalo maji yake ya mvua yanaishia kwenye mto huo) na leseni ya ArcGIS, programu ya ramani ya kulipia, huiwezi, weka QGIS tu usizunguke. Bure kabisa, na ukidaunlodi ile inayokuja na GRASS (programu nyingine ya ramani) ndani unapata r.watershed, zana ya kutafuta mito na vidakio, ambayo kwangu ndo roho ya kazi yote, maana zana nyingine zinataka kwanza uzibe mashimo kwenye DEM (data ya mwinuko wa ardhi, kila pikseli na mwinuko wake), hii inatafuta yenyewe maji yatokee wapi hata penye shimo, hatua nzima unairuka.

Nimeipiga kwa Msimbazi, mto wa Dar, na DEM ya SRTM, ile iliyopimwa kwa rada kutoka chombo cha anga cha Endeavour, Februari 2000, pikseli mita 30. Huku juu Pugu na Kisarawe vijito vimetoka vizuri aisee, ukiviweka juu ya picha ya setilaiti vinakaa palepale. Ila hamishia DEM kwenye UTM 37 Kusini (mfumo wa ramani unaopima kwa mita) kwanza, ukiiacha kwenye digrii mteremko unakuja wa maajabu, kila mahali ukuta. Na kwenye kizingiti (pikseli ngapi ndo kidakio kidogo kabisa) usiandike namba tu, pikseli moja ni mita za mraba 900, yani ukiweka 1000 umesema kidakio kidogo kabisa kiwe hekta 90, kwa Dar hiyo kubwa mno, mi naweka 200 hivi.

Sasa chini huku. Jangwani, bonde la Msimbazi mjini, ni tambarare, SRTM inahesabu mwinuko kwa mita kamili kamili, halafu rada inaona mabati na miti sio udongo, basi mto unanyooka kama umepigwa rula na unapita juu ya nyumba za watu. Siilaumu QGIS hapo, ni data. DEM ya Copernicus ya mita 30 afadhali kidogo lakini nayo inaona mapaa. Mi nachukua mto na mitaro ya OpenStreetMap, ramani ya bure inayochorwa na watu wenyewe (Dar imechorwa vizuri, shukrani kwa mradi wa Ramani Huria), naichimbia ndani ya DEM, yani nashusha mwinuko pale inapopita, ndo narun upya, inasaidia sana, japo kwa kazi ya mafuriko ya kweli tafuta data ya droni.

Laptopu ya kawaida inatosha kwa Msimbazi. Ukitaka kidakio cha Rufiji chote, kilomita za mraba 177,000 hivi, tiki ile -m ya r.watershed itumie diski la sivyo RAM inaisha.

Nyota 4 kati ya 5. Moja nimeikata kwa ajili ya SAGA, zana nyingine za kazi hii, video kibao za YouTube zinafundishia hiyo na siku hizi haiji ndani, mpaka uongeze plagini.