F10 na F11 za DaVinci Resolve: uzoefu wa mhariri wa video za harusi

Nahariri video za harusi, na tangu nihamie DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video (toleo la bure, mwaka wa pili huu), vitufe ninavyovibonyeza kuliko vyote ni F10 na F11. Vyote viwili vinaweka klipu mpya mahali pa ile ya zamani bila kuzisukuma zinazofuata. F9 siigusi tena kazi ikishakaa sawa na muziki, maana ile inachomeka: kila kilicho mbele kinasogea na mapigo yote yanakwenda arijojo.

F10 unaiwekea alama za mwanzo na mwisho kwa vitufe vya I na O, nayo inafunika kipande hicho tu. Iliyonikosha ni F11. Kuna harusi nilitaka pete iingie kidoleni ngoma inapodunda, lakini kwenye kamera ya kwanza kichwa cha msimamizi kimeziba. Nikafungua klipu ya kamera ya pili, nikaisimamisha pale pete inapovuka kiungo cha kidole, na kwenye taimlaini (pale klipu zinapopangwa kwa mfuatano) nikauweka ule mstari mwekundu unaoonyesha ulipo juu ya pigo. F11. Fremu mbili (picha moja moja za video), ya pete na ya pigo, zikakutana, urefu wa klipu ukabaki ule ule. Zamani ningeikokota kwa kipanya, fremu moja mbele, mbili nyuma, mpaka chai ipoe. Sharti lake: klipu mpya iwe na picha za kutosha kabla na baada ya fremu hiyo.

Doa nililolipata ni la uzembe wangu. Kisanduku cha A1, yaani traki (mstari) ya kwanza ya sauti, kikiwa kimewashwa, F10 inafunika na sauti pia. Baba wa bibi harusi anatoa nasaha, mimi nikafunika sekunde nane kwa picha za mama akifuta machozi. Picha tamu! Sauti ikawa vijiko, na mtu wa jikoni anauliza, "Sahani ziko wapi huku?" Sikusikiliza upya, nikakabidhi. Usiku simu ikaita: "Kaka, mzee anauliza maneno yake yamekwenda wapi." Nilirudisha ile sauti bila malipo, kwa aibu. Sasa nafunga kufuli la traki za sauti kwanza, ndipo nianze kubadilisha picha.

Kwenye laptopu yangu vitufe hivi havifanyi kazi hiyo mpaka ushikilie Fn. Na F10 nimeibandika kipande cha plasta, nikipapasa usiku nijue nimegusa ipi.