Wino wa kujazia printa ya picha: anzia kwenye LC na LM

Malalamiko ya wino yanayonifikia yanafanana sana. Picha ilikuwa safi kwenye skrini, ikachapwa, bibi harusi akatoka na paji la uso la kijani. Au mashavu yametoka na punjepunje kama yamemwagiwa mchanga. Mwenye printa hulaumu karatasi, kisha kamera, mwisho huita fundi asafishe hedi, yaani kichwa kinachodondosha wino, na hedi mara nyingi haina kosa lolote. Kosa limo kwenye chupa mbili kati ya sita, zile zilizoandikwa LC na LM, yaani sayani hafifu na majenta hafifu.

Idadi ya kurasa na kasi ya kuchapa utazisoma kwenye boksi. Hapa naangalia ngozi, kwa sababu wengi wanaochapa picha nyumbani wanachapa watu, na watu wetu ni weusi na maji ya kunde.

Kahawia ya ngozi haitoki kwenye chupa ya kahawia. Ni njano na majenta nyingi, sayani kidogo, na nyeusi penye kivuli. Pale mwanga unapopiga, kwenye paji, ncha ya pua na shavu, printa ya rangi sita hupunguza sayani na majenta kamili na kutumia zile hafifu ili matone yasionekane kwa jicho. Ukimimina sayani ya kawaida kwenye tangi la LC, printa haina namna ya kujua. Inaendelea kudondosha matone kwa hesabu ya wino hafifu, na kila tone sasa limekolea kupita kiasi. Mafundi wengine huichanganya sayani na maji wakidhani wametengeneza LC. Wino una viungo vinavyouzuia kukauka mdomoni mwa hedi, na maji hupunguza viungo hivyo pamoja na rangi. Wiki mbili baadaye unatafuta hedi mpya.

Kabla ya kununua seti nzima ya wino usioujua, mwombe muuzaji mwenye printa iliyojazwa wino huo akuchapie ukanda wa miraba ya kijivu, kutoka nyeupe hadi nyeusi, kwenye karatasi ya picha ya kung'aa. Usiuhukumu palepale, maana rangi hubadilika wino unapokauka. Uache ulale usiku mzima, kisha uangalie dirishani mchana, halafu chini ya taa. Kijivu kikiegemea kijani au waridi kwenye miraba ya kati, ngozi nayo itaegemea hukohuko. Muuzaji asiyetaka kukuchapia ukanda mmoja anajua kwa nini hataki.

Sasa wino wenyewe, kwa mpangilio wangu. Nafasi ya kwanza: Epson halisi. Kwa printa za L800, L805, L850 na L1800 ni wino namba 673, chupa za mililita 70, rangi sita. Kwa L8050 na L18050 sokoni kwetu ni 108. Sifichi kwamba naipendelea Epson. Hesabu ya rangi iliyo kwenye programu ya printa imetengenezwa kwa wino huohuo, na LC na LM zake zinapokezana na rangi kamili bila mstari kuonekana shavuni. Ukanda wa kijivu hutoka kijivu. Udhaifu wa 673 ni mdomo wa chupa: haukuzuii kumimina rangi kwenye tangi la jirani, kwa hiyo fungua kifuniko kimoja tu kwa wakati, mimina, funga, ndipo uende kwenye kingine. Jaza hadi mstari wa juu na usisubiri wino ushuke chini ya mstari wa chini. Hewa ikiingia kwenye mirija, utaona mapengo kwenye jaribio la hedi, na kila usafishaji utakaoufanya unakunywa wino na kuupeleka kwenye sponji la taka. Ukisafisha mara tatu na mapengo yakabaki, zima printa hadi kesho yake. Viputo vingi hupanda vyenyewe.

Ya pili: Canon GI-43, kwa wenye printa za G540 au G640. Hapa hakuna rangi hafifu. Badala yake kuna kijivu na nyekundu. Kijivu kinasaidia sana ngozi nyeusi, maana kivuli hakilazimiki kujengwa kwa kuchanganya rangi tatu. Canon hutaja hadi picha 3,800 za 10x15 kwa seti nzima, na sanduku la wino wa taka unalibadilisha mwenyewe. Ni wino mzuri. Naiweka ya pili kwa sababu huku kwetu duka la jirani lina 673, na GI-43 mara nyingi utaisubiri.

Ya tatu: InkTec ya Korea Kusini, ile ya rangi sita kwa ajili ya Epson. Ndiyo pekee kati ya wino usio halisi ninayoweza kumwelekeza mtu, kwa sharti kwamba LC na LM nazo ziwe za InkTec. Usiichanganye na mabaki ya wino mwingine: nyonya tangi kwa bomba la sindano, moja kwa kila rangi, ndipo ujaze. Wino wa zamani bado umo kwenye mirija, hivyo usipime rangi kwa picha za mwanzo. Ngozi ikitoka kijani kidogo, punguza sayani pointi mbili tatu kwenye mpangilio wa rangi wa printa, chapa tena ukanda, na uandike namba uliyoiacha.

Printa za rangi nne, kama L3110 na L3250 zenye wino 103, zinatosha kwa picha za albamu ya nyumbani. Katriji za HP za kujaza kwa sindano zina hedi inayopashwa moto, na sponji likikauka hedi huungua. Kama huna nyingine, ingiza kijiti cha meno kwanza ujue chumba kipi ni rangi ipi, kisha mililita 2 hadi 3 polepole. Wino wa lita moja ulioandikwa unafaa printa zote, uache.

Sasa wauzaji. Kwenye printa ya picha LC na LM ndizo huisha mapema, na ndizo hizohizo wanazokataa kuziuza peke yake. Unaambiwa uchukue seti nzima, ukae na chupa nne usizozihitaji, au uchukue seti ya rangi nne na "utumie sayani ya kawaida, ni ileile". Si ileile. Kibaya zaidi, wino wa kuchapa fulana na vikombe unapangwa rafu moja na wino wa picha, chupa zinafanana, na lebo ni ya stika iliyobandikwa dukani. Wino ule wa fulana umetengenezwa ugeuke mvuke na kuhamia kitambaani kwa joto. Kwenye karatasi ya picha unatoka umefifia na hauna uhai. Akikuuliza "ya picha au ya fulana?" huyo ni muuzaji wa kurudi kwake. Asipouliza, uliza wewe, na mwambie aandike aina ya wino kwenye risiti. Chupa isiyo na namba ya wino, tarehe ya mwisho na muhuri usioguswa chini ya kifuniko, rudisha hapohapo kaunta, kabla hujaondoka.