Msimu wa mtani: tuupime kwa kombe au kwa dabi?

Katika futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu, mashabiki wa Michigan bado wanabishana juu ya msimu wa 2024 wa watani wao wa jadi, Ohio State.

Ukiupima kwa kombe, hakuna cha kubisha. Ohio State walipoteza mechi mbili tu kati ya 16. Kwenye mchujo waliwatoa Tennessee, Oregon na Texas, kisha wakawafunga Notre Dame 34-23 katika fainali ya Januari 2025. Kipigo walichowapa Oregon, 41-21, ndicho kilichonivutia zaidi, maana Oregon hao hao waliwashinda Ohio State kwa pointi moja mwezi Oktoba.

Dabi ina hesabu yake. Novemba 30, nyumbani kwao Columbus, mbele ya watu zaidi ya laki moja, walilala 13-10 kwa Michigan iliyokuwa imeshapoteza mechi tano. Mkwaju wa Dominic Zvada uliamua mambo zikiwa zimebaki sekunde 45. Ilikuwa mara ya nne mfululizo kufungwa na Michigan! Wachezaji wa Ohio State Jack Sawyer na Emeka Egbuka, waliojiunga 2021, waliondoka chuoni na kombe la taifa bila kuwahi kuifunga Michigan.

Mimi naupa uzito msimu wa kombe, ingawa kwa shabiki wa Michigan kulikiri hilo ni kazi. Ila mfumo uliwabeba: hadi mwaka mmoja kabla, mchujo ulichukua timu nne tu badala ya 12, na kipigo kama kile kingeweza kabisa kuwamalizia msimu.